Skrepa ya Mkono wa Kushoto

Mwanangu Kitundu,

Mama yako amekwisha kukwambia habari za kuchemsha maji, za kuanika blanketi, na za kuwaamkia wakubwa hata kama huko Tabora utakuta watu wanapishana bila neno. Hapo sina la kuongeza. Nakuandikia kwa sababu lori la Singida linaondoka kesho alfajiri, na tangu juzi mimi na wewe tunasemezana kwa kupitia kwa mama yako. Kwa mdomo huwa naanza vizuri halafu naishia kugomba. Unanijua. Kwa hiyo nimekaa kibandani, jua bado lipo, naandika juu ya meza ya kazi na karatasi inanuka mafuta.

Uliniomba skrepa ya marehemu fundi aliyenifundisha, kile chuma chake cha kukwangulia kilichofungwa kwenye ngozi ya mbuzi juu ya boriti. Nikakunyima. Ukasema mbele ya wajomba zako, "Baba ananinyima kwa kuwa anaogopa nitamshinda kazi." Wakacheka, nami nikaacha ugali wangu pale pale nikatoka. Niliumia, sikufichi. Lakini ulikosea. Hakuna ninachokitaka kama wewe kunishinda. Nilikunyima kwa sababu ile skrepa naiogopa, na mtu mwenye mvi akisema hivyo mbele ya shemeji zake watamtania mpaka kaburini.

Basi nisikilize tangu mwanzo.

Huko Tabora, kwenye karakana ya reli unakokwenda kuanza kazi, watakuonyesha sanduku la skrepa na kukwambia uchague. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nzuri zitakuwa zimekwisha kuchukuliwa na wenyeji. Wewe chimbua chini kabisa, kwenye zile kuukuu zenye kutu. Najua wanasema mchagua jembe si mkulima. Waliosema hivyo walikuwa wanalima. Tupa hula chuma chote kilicho mbele yake, lakini skrepa hula pale tu ulipoiambia, tena kiasi cha ngozi ya kitunguu, kwa hiyo lazima ujue unamwambia nani.

Usitazame mpini kwanza. Futa kutu karibu na mpini uone kama kuna meno madogo madogo yaliyobaki. Ukiyaona, jua ilikuwa tupa, na kuna fundi aliyeitengeneza kwa ajili ya mkono wake. Hiyo ni chuma cha kweli. Kisha tazama mbavu zake. Zikiwa zimebonyea ndani kidogo, mwenyewe alikuwa mtu wa subira, alinoa kwa jiwe la mafuta. Ukiona rangi ya buluu kwenye ncha, iliungua kwenye kinoo cha kuzungusha. Irudishe, haitashika makali hata ukiiombea. Iweke ncha juu ya ukucha wako bila kukandamiza. Ikiteleza, bado. Ikishika, hapo sawa.

Mpini unakuja mwisho. Skrepa iliyofanya kazi miaka mingi huwa na kishimo pale dole gumba lilipokaa. Weka dole lako. Likiingia vizuri, chukua. Lisipoingia, basi mwenyewe bado yumo humo, tafuta nyingine.

Haya sikuzaliwa nayo. Siku yangu ya kwanza mgodini nilichagua skrepa mpya yenye mpini wa rangi nyekundu, nikajiona bwana harusi. Nikakwangua beringi ya mashine ya kusagia mawe, kile kitako ambamo mhimili wake huzunguka. Tulipoiwasha haikuzunguka sana, ikaanza kutoa moshi, na risasi nyeupe iliyotandazwa ndani ya beringi ikachuruzika sakafuni. Watu wakakimbia. Mmoja tu alibaki amekaa, anatafuna karanga.

"Kijana," aliniambia, "hiyo skrepa umeichagua au umeiposa?"

Huyo ndiye Fundi Kitundu, ambaye jina lake unalo. Alikuwa mtu wa hapa hapa Kinyangiri, mrefu, mwembamba, anayefanya kazi kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi kwa meno akifanya kazi, mluzi usio na wimbo, kama upepo unaopita chini ya mlango. Watoto wake wote walikufa wadogo, na mkewe akarudi kwao. Alinichukua akanifundisha, na kunifundisha kwake kulikuwa ni kunipiga kwenye kiwiko kila nilipokandamiza. "Usilazimishe. Paka mhimili masizi, uweke kwenye beringi, zungusha, inua. Penye weusi ndipo panapokuomba. Pasipo na weusi hapajakuita, unakwenda kufanya nini?"

Na alinionyesha jambo ambalo wewe sikukufundisha, kwa makusudi. Ukiinamisha beringi iliyokwanguliwa kwenye mwanga, utaona alama ndogo ndogo kama miezi michanga. Kila fundi ana miezi yake. Mtu wa mkono wa kulia, migongo ya miezi huelekea kulia. Mgodi mzima, Fundi Kitundu peke yake ndiye aliyekuwa na miezi inayoelekea kushoto. Ungempa beringi gizani akaipapasa kwa ukucha, angekwambia ameikwangua nani.

Alikufa kwa kichomi, masika, haraka sana. Aliiacha beringi ya injini ya kuvuta maji imefungwa kwenye jiliwa, nusu imekwanguliwa na nusu bado, akaifunika kwa gunia akasema atamalizia akipata nafuu. Kwa ukoo wao, kazi aliyoiacha marehemu haiguswi mpaka matanga yaanuliwe, na chombo chake hutolewa mpini na kutundikwa nyumbani kwenye msiba, chuma peke yake na mpini peke yake. Mzungu wetu, msimamizi wa mgodi, alikuwa na haraka, maana maji yalikuwa yanapanda shimoni na injini iliyobaki ilikuwa mgonjwa. Tukamwomba avumilie. Akatazama juu, akatazama saa yake, akasema sawa. Karakana ikafungwa kwa kufuli, ufunguo akakaa nao yeye, na sisi mafundi wote tukaja huku Kinyangiri kuzika na kukaa matanga.

Skrepa niliiona kwa macho yangu kila siku ya matanga. Ilining'inia kwenye ukuta wa tembe, haina mpini, juu ya kichwa cha shangazi yake marehemu. Nakwambia hili ili usije ukatafuta njia ya mkato ya kuyaeleza yanayofuata, kama mimi nilivyotafuta baadaye.

Tuliporudi, mzungu mwenyewe alifungua kufuli mbele yetu. Nikatoa lile gunia. Beringi ilikuwa imekwisha.

Imekwisha, mwanangu. Nusu iliyokuwa bado, ilikuwa imekwanguliwa mpaka ukingoni. Nikapaka masizi, tukaweka, tukazungusha, tukainua, na weusi ukatawanyika sawasawa kama punje za uwele kwenye ungo. Mzungu akanipiga begani akasema, "Kazi safi sana." Nikamwambia si mimi. Akacheka, akadhani naona haya. Nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Miezi yote iligeukia kushoto. Chini ya meza kulikuwa na unga wa risasi nyeupe, na ulikuwa bado unang'aa. Wewe unajua unga ule hufifia upesi hewani. Mmoja wetu alichukua ufagio akaanza kufagia, kisha akauacha, akatoka nje.

Mimi si mtu wa mashetani. Hao ni kina mama yako, wanaoona shetani hata kwenye kibuyu cha maziwa. Nilijiambia labda kuna fundi alipitia dirishani. Fundi gani? Nilijiambia labda alikuwa amekwisha kuimaliza kabla ya kuugua, nami nilitazama vibaya. Niliishikilia sababu hiyo kwa muda mrefu. Lakini mimi ndiye niliyemsaidia kulitandika lile gunia, na niliona.

Matanga yalikuwa yameshaanuliwa, lakini vyombo vyake vilibaki bila mrithi kwa kuwa hakuwa na mtoto. Shangazi yake akaniita. Bibi yule alikuwa mdogo wa mwili, sauti nzito kuliko yangu. Nikapiga magoti, "Shikamoo, shangazi." "Marahaba." Alikuwa ameirudisha skrepa kwenye mpini wake. Akanieleza utaratibu wa kwao: anayerithi chombo huitwa kwa jina la marehemu, na huitwa mara mbili. Mara ya kwanza anaitwa mwenyewe aliyekufa, ili akitaka kukataa, akatae. Watu wote hunyamaza, na huo ukimya ndio ruhusa yake. Mara ya pili ndipo mrithi huitika na kupokea kwa mikono miwili.

Alinieleza vizuri kabisa, nami nilielewa. Lakini nilikuwa na hofu, na ile skrepa niliitaka mno. Alipofungua kinywa akaita, "Kitundu!" mimi nikasema, "Naam."

Wale wazee waliokaa ukutani waliacha kutafuna. Shangazi aliishusha skrepa magotini.

"Umeitika isiyo yako," alisema.

"Nisamehe, shangazi. Ita tena."

"Niite nani tena? Niliyemwita ameitika." Akaniwekea skrepa mikononi, mpini ukiwa na joto la viganja vyake. "Nenda. Mtajuana wenyewe."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nikarudi kazini, nikapaka masizi, nikakwangua beringi ndogo tu ya kujaribu mkono. Nikaiinamisha kwenye mwanga. Miezi ilielekea kushoto.

Nilikuwa nimeishika kwa mkono wa kulia. Nikabadili namna ya kusimama, nikageuza beringi kwenye jiliwa, nikakwangua tena. Kushoto. Nikaiweka chini, nikachukua skrepa nyingine ambayo hata haikuwahi kuwa yake. Kushoto. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kufanya, na hilo ndilo lililoniumiza. Watu walianza kuja kutoka mbali kuniletea beringi. Walinisifu, nami nilipokea sifa kama mtu anayepokea mzigo wa jirani ambaye hayupo nyumbani.

Siku moja nilikuwa peke yangu ndani ya kasha la injini, kichwa na mabega vimo ndani, nakwangua. Nikasikia mluzi ule wa meno. Nikaacha kukwangua, ukakoma. Nikaanza kukwangua, ukaanza. Ilinichukua muda kutambua kwamba ulikuwa unatoka kinywani mwangu. Sijawahi kujua kupiga mluzi, mwanangu. Muulize mama yako. Hata mbwa nilikuwa nawaita kwa makofi.

Na mama yako mwenyewe aliona. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemuoa. Akaniambia, "Mpinga, ukiwa na usingizi unashika kijiko kwa mkono wa kushoto." Alisema huku anacheka, kisha hakucheka tena, akahamisha kitanda kutoka ukutani palipokuwa na ile skrepa. Mpaka leo hujamsikia akiitaja.

Wewe ulipozaliwa ulilia mfululizo. Bibi zako wakakaa kukutajia majina ya waliotangulia, kama kawaida yetu, moja baada ya jingine, wasikie utanyamaza kwa lipi. Walitaja wa upande wangu wote. Walitaja wa upande wa mama yako. Ukawa unalia tu. Shangazi wa marehemu alikuwa amekuja kuleta uji, akiwa mlangoni hata hajaingia, akasema taratibu, "Kitundu." Ukanyamaza, ukafumbua macho ukageukia mlangoni. Mimi nilitoka nje nikasimama na ng'ombe.

Mgodi ulipofungwa niliifunga skrepa kwenye ngozi nikaiweka juu ya boriti, nikaapa haitashuka. Nimeishi kwa kutengeneza mashine za kusaga na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, kazi za tupa na nyundo, zisizoonyesha mkono wa mtu. Reli iliyofika hapa wakaing'oa, na hata hiyo sikuisikitikia sana, maana wale wa reli walikuwa wananiletea beringi. Ulipoanza kuniganda hapa kibandani nilijiambia, huyu nitamfundisha kwa chombo kipya, awe na mkono wake. Ndiyo maana nilikutengenezea yako kutoka kwenye tupa mpya. Ya kwanza niliiunguza, unakumbuka, niliipasha moto mpaka ikawa nyeupe ikapasuka majini. Ulicheka ukasema fundi mkubwa ameshindwa na kaa la moto. Niliitaka iwe safi mno, ndiyo maana niliiharibu. Ya pili nikaitengeneza polepole, ikatoka vizuri, nikakupa, na nikakuwekea kipande cha beringi moja kuukuu ujifunzie.

Na sikuitazama. Hapo ndipo unaponidai, na hasira yako ni haki. Kila ulipomaliza ukaniita, "Baba, njoo uone," nilikuja, nikapaka masizi, nikahesabu weusi, nikasema bado, rudia. Sikuiinamisha hata mara moja kwenye mwanga. Uliona nakudharau. Mwanangu, nilikuwa naona aibu ya woga wangu.

Leo mchana umekwenda kuwaaga wajomba zako, nami nikaingia hapa kukufungia vyombo vyako. Beringi ilikuwa bado kwenye jiliwa. Nikasema mtoto anaondoka, nisipotazama leo nitatazama lini. Nikaifuta vizuri kwa kitambaa. Nikaitoa nje kwenye jua nikaiinamisha.

Kazi yako ni nzuri. Nianze na hilo, maana nimechelewa kulisema. Ni nzuri kuliko yangu, na ni nyepesi, hakuna mahali ulipolazimisha.

Migongo yote imeelekea kushoto.

Unaandika kwa mkono wa kulia, unatupa jiwe kwa mkono wa kulia. Skrepa ile ya zamani hujawahi kuishika. Ngozi ina fundo langu na vumbi la miaka. Nikachukua hii mpya niliyokutengenezea, nikatafuta kishimo cha dole kwenye mpini. Kimeanza kuonekana, kidogo tu, upande ambao dole lako halikai. Nikaweka langu, halikuingia.

Nilikaa chini hapo mlangoni mpaka mama yako akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwonyesha. Akaitazama ile beringi, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mpe chake." Nikamwambia nimeapa. Akasema, "Uliapa juu ya kitu cha mtu. Mpe mtoto chake, na wewe upumzike." Kisha akaenda kutazama chungu chake. Miaka yote hii nilidhani ni mimi ninayebeba jambo hili peke yangu.

Kwa hiyo utaipata, lakini si kwa kuifungasha kwenye sanduku kimya kimya. Shangazi wa marehemu alikwisha kufa, wala hakuna mwingine wa ukoo wao aliyebaki wa kuita, nami nataka safari hii ifanyike inavyopaswa. Kesho kwenye lori nitakuwa nimesimama na ile ngozi mkononi. Wajomba zako watacheka, waache wacheke. Nitaita, "Kitundu!" Wewe nyamaza. Hata nikiwa nakutazama usoni, hata mama yako akikusogeza mbele, nyamaza, hiyo si yako. Acha ipite. Kisha nitaita mara ya pili. Hapo itika kwa nguvu, nikusikie juu ya kelele za injini, upokee kwa mikono miwili, na kuanzia hapo uishike unavyojua.

Jambo moja tu. Nimeitikia jina hilo muda mrefu, na mazoea ni kitu kibaya. Nikiita ile mara ya kwanza na ukasikia sauti inaitika, tazama midomo yangu. Kama ni mimi niliyeitika, jua mwenyewe amekataa; usibishane wala usisubiri niite tena. Panda lori, mwanangu, uende na hiyo mpya niliyokutengenezea, na skrepa ya marehemu iache hapa hapa mikononi mwangu.

Ukifika Tabora tuandikie. Na kwenye bahasha usiandike Baba Kitundu. Andika jina langu.

Baba yako,
Mpinga